Twapenda Kutazama Watu Wakichumbiana

Tunayo siri ambayo kwa muda mrefu tuliificha hata kwa jamaa wa nyumbani mwetu. Mchana vitabu vizito hukaa juu ya meza yetu, wageni wavione. Usiku, milango ikiisha kufungwa, sisi hujikalia mbele ya televisheni tukitazama watu tusiowajua wakitafuta wachumba. Leo twakiri, kwani yamkini wasomaji wengi tumo nao katika jahazi moja.

Michezo hii si mipya. Huko Marekani, mwaka 1965, shirika la ABC lilianza kuonyesha The Dating Game, ambamo msichana aliwauliza maswali wanaume watatu asiowaona, kisha akamchagua mmoja kwa majibu yake tu. Huko Uingereza, Cilla Black aliongoza Blind Date tangu 1985 hadi 2003. Mwaka 2002 ikaja The Bachelor: mwanamume mmoja, wanawake 25, na ua la waridi kwa kila aliyeruhusiwa kubaki. Mwaka 2020 Love Is Blind ikawatenganisha washiriki kwa ukuta, wasionane mpaka wakubaliane kuoana.

Mkazi wa pwani hawezi kustaajabia sana jambo hili. Kwetu mshenga hutumwa kupeleka posa, naye huzungumza kwa mafumbo, ili anayekataliwa asivunjiwe heshima. Katika michezo hii mshenga ameondolewa, na mahali pake imewekwa kamera. Mtu hukataliwa waziwazi, mamilioni ya watu wakimtazama. Hapo ndipo penye utamu, na hapo ndipo penye aibu.

Sisi tunaoandika hadithi tumepata faida humo. Tulikuwa na hadithi moja ambamo msichana aliyeachwa alitoa hotuba ndefu, yenye machozi na methali. Usiku mmoja tukamwona mwanamke aliyenyimwa ua. Hakuhutubu. Aliwapongeza wenzake kwa tabasamu, huku vidole vyake vikikunja na kukunjua upindo wa nguo. Asubuhi yake tuliifuta hotuba yote ya msichana wetu. Badala yake akauliza tu viatu vyake viko wapi. Hadithi ikapona.

Hata hivyo, lazima tujiulize: machozi yale tuliyoyachota ni ya nani? Sarah Gertrude Shapiro, aliyewahi kuwa miongoni mwa watayarishaji wa The Bachelor, alitokewa na swali kama hilo. Yeye na Marti Noxon wakabuni tamthilia ya UnREAL, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2015. Humo twawaona wale wanaojificha nyuma ya kamera, wakiwachochea washiriki wagombane na kulia, kwa kuwa kilio huwavuta watazamaji. Bibi huyo aligeuza dhamira iliyomsumbua ikawa kazi ya sanaa, naye hakuwasamehe watu wa kazi yake.

Madhara yake hayabaki katika tamthilia. Baada ya vifo vya watu waliowahi kushiriki katika Love Island, shirika la ITV la Uingereza lilitangaza mwaka 2019 kwamba kila mshiriki atapewa nafasi ya vikao visivyopungua 8 vya tiba ya nafsi akisharudi nyumbani. Kumbe kilichokuwa burudani kwetu kilikuwa mzigo kwa mwenzetu, na mzigo huo alibaki nao hata baada ya sisi kuzima televisheni na kwenda kulala.

Basi aibu iko wapi? Kwa maoni yetu, haimo katika kupenda habari za mapenzi, kwani hakuna aliyezaliwa asiyetaka kuchaguliwa. Aibu imo katika kumcheka anayelia, na kusahau kwamba kisa chake kimekatwakatwa na kuunganishwa na wengine kabla hakijatufikia. Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Nasi tumewahi kukataliwa, ila kwa bahati njema kamera haikuwapo.

Tutaendelea kutazama. Lakini yule mwanamke hatutamtaja kwa jina, wala hatutaeleza sura yake. Tumechukua upindo wa nguo tu. Mengine ni yake.