Biashara ya Visu vya Mfukoni: Jina, Makali na Sheria

Kisu cha mfukoni, yaani kisu ambacho bapa lake hukunjwa na kuingia ndani ya mpini ili kibebwe pasipo ala, ni miongoni mwa bidhaa ambazo mnunuzi hawezi kuupima ubora wake akiwa dukani, kwa kuwa kisu kipya cha bei yoyote hukata, na tofauti ya feleji njema na feleji hafifu hujitokeza baada ya miezi ya kazi, makali yanapokuwa hayadumu au bapa linapoanza kuchezacheza kwenye ribiti yake. Kwa sababu hiyo biashara hii, tangu ilipopanuka katika karne ya 19, imekuwa kwa kiasi kikubwa biashara ya majina: mteja hununua nembo iliyogongwa kwenye chuma, na kumwachia mwenye nembo mambo ya kaboni na joto la tanuri.

Mafundi wa Sheffield nchini Uingereza walilitambua jambo hilo mapema. Chama chao, Company of Cutlers in Hallamshire, kiliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1624, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa kusimamia alama ambazo kila fundi aligonga kwenye bidhaa zake. Mshindani wao mkuu alikuwa Solingen, mji wa Ujerumani wenye wahunzi na wanoaji wengi, na bidhaa za Kijerumani zilipoonekana sokoni zikiwa na jina la Sheffield, Uingereza ilitunga mwaka 1887 sheria ya alama za bidhaa iliyowabana waagizaji wataje nchi ambako bidhaa zimetoka. Sheria hiyo ilikusudiwa kuwa onyo kwa mnunuzi, lakini katika muda wa miongo michache jina la Ujerumani kwenye bapa likageuka kuwa sifa. Solingen nayo ikajilinda: sheria ya mwaka 1938, ambayo kanuni zake za sasa ni za mwaka 1994, inaruhusu jina la mji huo litumike tu kwa bidhaa ambazo hatua zake za msingi zimefanyika katika eneo hilo. Kijiji cha Laguiole nchini Ufaransa hakikuwa na kinga ya namna hiyo. Kisu chenye jina lake kilitengenezwa zaidi katika mji wa Thiers, kisha kikaigwa Asia, na jina lenyewe likasajiliwa na mfanyabiashara wa mbali kwa bidhaa za kila aina, hata mwaka 2012 wakazi wakafanya maandamano ya kukivua kijiji chao jina.

Kwa msomaji wa Afrika, mfano ulio karibu zaidi ni Okapi. Kisu hicho kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni ya Kijerumani barani Afrika, na kikapewa jina la mnyama wa misitu ya Kongo ambaye wanasayansi wa Ulaya walikuwa wamemtambua rasmi mwaka uliotangulia tu, jambo linaloonyesha kwamba wauzaji wa matangazo ya wakati ule hawakuwa wazito kuliko wa leo. Mpini wake wa mti wenye nakshi za mwezi na nyota ulidumu hata baada ya makoloni hayo kupotea. Mwaka 1988 kampuni ya Afrika Kusini ilinunua alama ya biashara pamoja na mitambo, na uzalishaji ukahamia huko, ambako kisu hicho bado kinatengenezwa kwa bei ambayo kibarua anaimudu. Ni nadra kwa bidhaa iliyobuniwa kwa ajili ya soko la koloni kuishia kuwa mali ya kiwanda cha bara lilelile, na nadra zaidi kufanya hivyo bila kubadilika sana sura.

Kuhusu chuma chenyewe, watengenezaji wote wanakabiliwa na mvutano mmoja. Feleji yenye kaboni nyingi hupata makali haraka kwenye kinoo lakini hushika kutu, na ile isiyoshika kutu kwa urahisi, ambayo huwa na madini ya kromiamu yasiyopungua takriban asilimia 10.5, huhitaji subira zaidi katika kunolewa. Vilevile bapa gumu sana hudumisha makali lakini humeguka, ilhali bapa laini hujikunja likaweza kunyooshwa. Kampuni ya Kifaransa ya Opinel, iliyoanza mwaka 1890 katika eneo la Savoie, huuza aina zote mbili za feleji kwa mpini uleule wa mti, na kisu chake maarufu kina sehemu tano tu, mojawapo ikiwa pete ya kuzungusha inayolizuia bapa lisijifunge vidoleni, iliyobuniwa mwaka 1955. Uchache huo wa sehemu ndio siri ya bei yake, na hapana ubunifu wa hivi karibuni ulioupita.

Pigo kubwa kwa kisu cha mfukoni kama zana ya kazi halikutoka kwa kisu bora zaidi. Mwaka 1956, katika jiji la Osaka nchini Japani, Yoshio Okada alibuni kisu chenye bapa jembamba lililochorwa mistari, ambalo ncha yake ikiisha makali humeguliwa na ncha mpya kutokea, na kutokana na wazo hilo ikazaliwa kampuni ya Olfa. Hesabu ya mwajiri wa ghala au duka ni rahisi: bapa la kumegua ni la bei ndogo, na mfanyakazi hahitaji kujua kunoa. Maboksi, mazulia, karatasi za ukutani na mbao za jasi zikahamia kwenye visu vya kutupa, na ujuzi wa kunoa ukapungua thamani sokoni.

Sheria ikaongeza uzito. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1988 humruhusu mtu kubeba hadharani bila kutoa sababu kisu cha kukunja kisichokuwa na kifungio, ambacho makali yake hayazidi inchi 3, yaani sentimita 7.6 hivi, kwa hiyo kifungio kinachomlinda fundi asijikate ndicho kinachomtia mashakani mbele ya polisi asipoweza kueleza kazi yake. Baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001 visu vilipigwa marufuku ndani ya ndege, na kampuni ya Uswisi ya Victorinox, ambayo mizizi yake ni karakana iliyofunguliwa na Karl Elsener mwaka 1884 na iliyotegemea sana maduka ya viwanja vya ndege, ilipoteza sehemu kubwa ya mauzo. Badala ya kupunguza wafanyakazi iliwaazima kwa kampuni nyingine hadi hali ilipotengemaa. Mwaka 2024 ilitangaza kwamba inabuni zana za mfukoni zisizo na bapa kabisa, na mwaka uliofuata ikakumbana na ushuru wa Marekani wa asilimia 39 kwa bidhaa za Uswisi.

Kazi ambazo bado zinadai kisu cha kunolewa ni zile ambazo sura ya mkato ina thamani ya fedha. Katika kubebesha miche, yaani kuunganisha kikonyo cha aina bora na shina la aina nyingine, bapa hunolewa upande mmoja tu ili mkato uwe bapa kabisa na tabaka la ukuaji lililo chini ya gamba ligusane pande zote mbili. Wazalishaji wa miche ya parachichi ya Hass, wakiwamo wale wa Njombe na Murang'a, wanaweza kutumia kisu cha aina hiyo au wembe wa kawaida, lakini wembe hupinda katika mti mgumu na mkato ukawa wa mawimbi, na kila kikonyo kisichoshika ni mche usiouzwa. Kwa mwenye kitalu, kisu cha kubebeshea hulipa gharama yake iwapo tu yupo mtu anayejua kukinoa. Asipokuwapo, wembe wa kutupa, pamoja na hasara zake, hubaki kuwa wa bei nafuu.