Umbwe: Njia Fupi Inayodai Siku Nyingi

Wapandaji wa Kilimanjaro wanaitaja Umbwe kuwa njia ngumu kuliko zote za mlima ule. Sifa hiyo ni ya haki. Kinachonisumbua ni sababu wanayoitoa: utasikia habari za mteremko mkali, mizizi ya kushika kwa mikono na miguu inayotetemeka. Mtu akishasikia hayo huenda kufanya mazoezi ya kupanda ngazi miezi mitatu, kisha anajiona yuko tayari. Ugumu halisi wa Umbwe hauko miguuni, na ngazi haziuondoi.

Njia inaanzia upande wa kusini wa mlima, juu ya migomba na mibuni ya Kibosho, kwenye lango lililo kama mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Tangu hapo inashika mgongo mwembamba wa mlima, bonde refu kulia na bonde refu kushoto, na haina muda wa kuzunguka. Saa za kwanza ni msitu mzito wenye unyevunyevu, na mvua ikiwa imenyesha udongo unateleza vibaya. Mgongo unapozidi kusimama, mizizi inakuwa ngazi na mkono unafanya kazi ya mguu. Hakuna kamba wala vifaa vya kukwea mwamba. Mtu mzima mwenye afya anapita. Wanaostahili kustaajabiwa hapo ni wapagazi, ambao wenyewe kwa wenyewe huitana wagumu. Kanuni za hifadhi zinaweka ukomo wa kilo 20 kwa mzigo wa mpagazi mmoja, na kilo hizo wanazipandisha kwenye mizizi ile ile ambayo wewe unaishika kwa mikono yote miwili huku mgongoni una chupa ya maji na koti la mvua.

Usiku wa kwanza unalala kambi ya Umbwe Cave, karibu mita 2,900. Kesho yake msitu unakwisha, inakuja miti ya jamii ya erika iliyoning'iniza ndevu za kijivu, ukungu unapanda kutoka mabondeni, na siku nzima huenda usikutane na kundi lingine. Kwa hili Umbwe haina mpinzani upande wa kusini. Njia ya Machame kwa msimu wa Julai na Agosti ni foleni. Huku unasikia pumzi zako mwenyewe. Jioni unaingia Barranco, karibu mita 3,950, kwenye bonde lenye mimea ya senesio, mikubwa kama watu waliosimama na makoti, na hapo utulivu unakwisha ghafla. Umefika penye mahema ya watu wa njia za Machame na Lemosho, na kuanzia Barranco mpaka kileleni mtakwenda pamoja. Anayelipia Umbwe kwa ajili ya ukimya ajue kwamba ananunua siku mbili.

Sasa tazama mahema hayo kwa jicho la daktari. Katika kambi moja, usiku mmoja, mtu wa Lemosho kwa kawaida yuko kwenye usiku wake wa nne mlimani. Wa Machame yuko kwenye wa tatu, tena mchana huo amepitia Lava Tower, mita 4,600 hivi, akashuka kulala. Wa Umbwe yuko kwenye usiku wa pili, na tangu jana amepanda zaidi ya mita elfu moja bila kuonja juu zaidi. Wote watatu wanaamka asubuhi kwenda kilele kilekile cha mita 5,895.

Oksijeni haipungui kwa asilimia unapopanda; ni ile ile asilimia 21 iliyoko Tanga. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, kwa hiyo kila pumzi inabeba oksijeni kidogo. Barranco unapata takriban theluthi mbili ya ile ya pwani, na kileleni karibu nusu. Mwili unajibu mara moja kwa kupumua haraka na kwa kina. Lakini kupumua hivyo kunatoa hewa ukaa nyingi kuliko kawaida, damu inapoteza asidi yake, na ubongo ukiona hivyo unaamuru pumzi zipunguzwe. Ndiyo maana usiku mwenzako hemani anaweza kunyamaza sekunde kadhaa kama aliyekata roho, kisha akavuta pumzi kwa kishindo. Anayemaliza mvutano huo ni figo. Zinatoa baikaboneti kwenye mkojo mpaka damu irudi kwenye mizani, na kazi hiyo inachukua siku kadhaa. Kwenda haja ndogo mara nyingi usiku wa baridi ni kero, ila ni dalili kwamba mambo yanakwenda sawa.

Wengi huamini kwamba mwili unazoea mlima kwa kuongeza chembe nyekundu za damu. Kuongezeka kupo, ila kunachukua wiki, na safari ya Kilimanjaro haina wiki hizo. Vilevile mazoezi hayaharakishi figo. Kijana mwanamichezo anaugua kama mwingine, na pengine zaidi, kwa sababu anaweza kukimbilia juu kabla mwili haujapata nafasi ya kumkataza.

Ushauri wa tiba ya milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000 usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike kwa kulala tena kimo kilekile. Njia nyingi za Kilimanjaro zinauvunja ushauri huu. Umbwe inauvunja mara mbili yake kwa siku moja.

Kuumwa kichwa pamoja na kichefuchefu, uchovu usio wa kawaida au kizunguzungu ni ugonjwa wa mwinuko mpaka ithibitike vinginevyo, na mwenye dalili hizo asipande kulala juu zaidi mpaka zimwishe. Hatari kubwa ni hali mbili nyingine. Mapafu yakianza kujaa maji, mtu anatweta hata akiwa amekaa, na kikohozi kinaweza kuja na povu la rangi ya waridi. Ubongo ukivimba, anapepesuka: mwambie atembee kwenye mstari, kisigino mbele ya vidole, na ukiona anashindwa usisubiri kupambazuke. Vidonge vya asetazolamidi vinaisaidia figo kufanya kazi yake mapema, na ni vizuri kuvijadili na daktari kabla ya safari. Havitoi kibali cha kupanda ukiwa mgonjwa. Dawa yenyewe ni kushuka. Na hapa Umbwe inaonyesha ubaya wake mwingine. Machela ya gurudumu inayoteremsha wagonjwa kwenye njia pana za mlima haina kazi kwenye mizizi ile. Mgonjwa atabebwa mikononi.

Kwa hiyo ratiba ya siku sita, ambayo huuzwa sana, mimi siikubali. Chukua saba. Lala Barranco siku mbili, na mchana wa katikati panda taratibu hadi Lava Tower, kaa, kula, kisha rudi kulala chini. Baada ya hapo unavuka Ukuta wa Barranco, unalala kambi ya Karanga, halafu kambi ya Barafu, na usiku wa manane unaanza kuelekea kileleni.

Wapo wanaotaka kuendelea wima kutoka Barranco kupitia Arrow Glacier na Western Breach, wasichangamane na umati mpaka juu. Januari 2006 mawe yaliporomoka huko yakaua Wamarekani watatu, na njia ikafungwa kwa muda kabla ya kufunguliwa tena. Barafu ndiyo inayoyashikilia mawe yale, na jua likichomoza inaachia. Kwa mgeni wa mlima sipendekezi kabisa.

Ninachopendekeza ni Mlima Meru kwanza. Kutoka Momella, ndani ya Hifadhi ya Arusha, unapanda na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati, unalala Miriakamba kwenye mita 2,500 hivi na Saddle karibu 3,570, na alfajiri unapita ukingo wa kreta hadi kilele cha mita 4,562. Nako ni kimya, na mwili unaobaki ukikumbuka kimo hicho unaingia lango la Umbwe ukiwa na akiba, mradi usikae Moshi wiki nzima ukijipongeza, maana akiba hiyo huisha. Asiye na nafasi ya milima miwili aongeze ile siku ya Barranco. Asiyeweza hata hiyo achukue Lemosho, avumilie umati.