Kompyuta Yetu Kuukuu: Itiwe Nguvu au Ibadilishwe?

Ndugu Wanachama,

Nyote mliokuwapo siku ile ya malipo msimu uliopita mwakumbuka yaliyotupata. Wachumaji walikaa barazani tangu alasiri, pishi zao zimekwisha pimwa, na kompyuta ya ofisi yatuonyesha kiduara tu kinachozunguka. Ilipofunguka, ikazima. Wachumaji walilipwa baada ya sala ya isha, kwa hesabu iliyoandikwa upya kwa mkono, na wako waliorudi makwao wakiamini kuwa wamepunjwa. Sina la kuwalaumu.

Tangu siku hiyo Kamati imekuwa pande mbili. Wa kwanza wasema inunuliwe mpya. Wa pili wasema usiache mbachao kwa msala upitao. Iliyopo itiwe nguvu. Mimi, sitaki kuwaficha, nilikuwa upande wa mpya, na sababu moja ilikuwa kutaka meza ya Katibu ipendeze. Wahenga walikwisha tuonya kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda.

Mwezi uliopita nilikwenda Shanwe, kata ya Manispaa ya Mpanda, kumzuru dada yangu aliyeolewa huko. Mpanda ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa katika mwaka 2012. Treni yatoka Tabora, yaacha njia kuu Kaliua, kisha yafuata reli iliyojengwa zama za Waingereza kwa ajili ya madini ya risasi. Huko sikuona mkarafuu. Watu walima mahindi, mpunga na tumbaku. Lakini dukani kwa shemeji yangu nilimkuta ndugu pacha wa kompyuta yetu: prosesa ya Intel ya kizazi cha nne, RAM ya GB 4, na diski ya kuzunguka.

Shemeji ana duka la steshenari. Apiga chapa barua, atoa fotokopi na kuwajazia watu fomu. Mashine ikilala, na jiko la dada yangu lalala. Nilimweleza shida yetu, akacheka.

"Shemeji," akasema, "mimi nilitibu homa kwa dawa ya jino. Niliongeza RAM kwanza, kwa kuwa kila mtu aliniambia RAM. Fedha ilikwenda, na mashine ikabaki vile vile."

Ugonjwa wake ulikuwa kwenye diski. Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka na mkono unaotafuta khabari juu yake, mfano wa santuri na sindano yake. SSD haina kitu kinachozunguka. Fundi alipomwekea SSD, mashine ambayo zamani ilifunguka baada ya mtu kumaliza chai na maandazi, ikafunguka kabla sukari haijakorogwa. Gharama, aliniambia, haikufika robo ya bei ya kompyuta mpya.

Nikamwambia, "Basi shemeji, mambo yamekwisha. Nitarudi kisiwani tukanunue SSD na RAM, tupumzike."

"Hapana," akasema. "Nunua kile utakachohama nacho."

Hapa ndipo nilipopata faida ya safari yangu. Mashine yetu ina ukomo wake. Windows 10 tunayoitumia, kampuni ya Microsoft iliacha kuipa kinga ya bure tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha kuongezewa muda. Windows 11 nayo yataka kifaa cha ulinzi kiitwacho TPM 2.0, na kwa Intel prosesa inayokubaliwa ni, kwa jumla, ya kizazi cha nane na kuendelea. Yetu ni ya nne. Hata tukiijaza RAM mpaka pomoni, haitaingia katika orodha hiyo.

Tena RAM ya mashine yetu ni ya aina ya DDR3, na mashine za kizazi cha nane huchukua DDR4. Tukinunua leo, itakufa pamoja na mashine. SSD siyo hivyo. Yaweza kufunguliwa na kutiwa katika kompyuta nyingine. Na UPS ya kuikinga na umeme unaokatika huchomolewa hapa ikachomekwa pale. Sisi wakulima twalijua jambo hili. Mkarafuu uliokwisha amuliwa kung'olewa hauwekewi mbolea. Lakini jamvi la kuanikia hulinunua bila ya wasiwasi, maana shamba likibadilika, jamvi hukunjwa likahama nawe.

Wala tusidhani kununua kipya ni dawa ya kila kitu. Katika mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mitambo ya hesabu za serikali kula fedha nyingi za kigeni bila ya kuleta faida iliyotarajiwa. Mashine inayonunuliwa kabla ya kuulizwa kazi yake ni hasara, iwe ya serikali au ya chama.

Basi katika mkutano ujao nitaleta shauri hili. Kwanza, daftari la wanachama na mizani ya misimu yote vinakiliwe mahali pawili, na nakala moja isikae ofisini. Hili halingoji mkutano. Nimekwisha lianza, kwani mpaka juzi nakala ilikuwa moja tu, na hilo ni kosa langu. Pili, tununue SSD na UPS kabla ya msimu, RAM tuiache. Tatu, mashine hii ifanye kazi ya daftari tu, isiunganishwe na intaneti. Nne, baada ya msimu tutenge fedha za kompyuta ya kizazi cha nane au zaidi, hata ikiwa imetumika, na SSD ihamie humo.

Mwenye rai nyingine aje nayo, tutamsikiliza. Na kila mwanachama afike ofisini kabla ya siku ya mkutano aangalie jina lake na mizani yake. Tusingoje tena wachumaji wakae barazani mpaka isha, ndipo tujue tulichopoteza.

Wenu katika kazi,
Katibu