Televizyo yenye kujizima: tupime umeme mbele ya kutupa makuta

Saa kumi na mbili na nusu ya magaribi, mu avenue moja ya Kikula, televizyo ya mzee wa pansioni inazima. Inalia "tik", taa yake nyekundu inapepesa, kisha inawaka tena. Picha haijakaa bado muzuri, imezima mara ingine. Mama wa nyumba anatuambia: "Bandugu, hii kintu iko na mupepo. Usiku siye tunalala, yenyewe inajiwasha mu salon, batoto banaogopa."

Sisi wa sindika tulikuja pale kwa habari ya karatasi za pansioni. Lakini mzee hakuwa na kichwa cha karatasi. Muuzaji mmoja wa soko alikuwa amemwambia kwamba televizyo imekufa, ataichukua kwa bei ya vipande, naye atamupa mupya kwa deni la miezi kumi. Mzee alibakiza siku mbili tu kutia sinyatiri. Miezi kumi ya deni ku pansioni ya mzee, wote tunajua maana yake: ni unga unaopunguka mu nyumba.

Njo tukasema: ngojeni kwanza, tuangalie.

Hapa lazima tukubali kosa letu. Mwenzetu mmoja, fundi umeme wa usine, alishika turnevisi mara moja akaanza kufungua mugongo wa televizyo. Mzee akamusimamisha: "Mwanangu, ku kazi munafanyaka hivi?" Tulipata haya. Ku kazi, hakuna anayegusa mashini kabla ya kukata umeme, kufunga, na kupima kwamba kweli umekatika. Nyumbani tunasahau, kama vile umeme wa nyumba una huruma.

Tukarudi mwanzo, kwa utaratibu. Kwanza, telekomande. Tukatoa mapile yake, tukangoja: televizyo ikazima vilevile. Basi si butoni iliyokwama. Pili, dekoderi. Kuna dekoderi zinazoamuru televizyo kuwaka na kuzima kupitia kabulo yao. Tukaichomoa: haikubadilika kitu. Tatu, tukaingia mu menu kuangalia kama saa ya kujizima imewekwa. Hapana. Nne, priza na ralonji. Tukapeleka televizyo ku priza ingine, bila ralonji. Ile ile.

Tano, tukapima umeme wenyewe. Nyuma ya posti imeandikwa 220-240 V. Multimetri ikatuonyesha 150. Televizyo ya namna ile ikipata volti 150, haiwezi kusimama: inajaribu kuwaka, inakosa nguvu, inajilinda kwa kuzima, kisha inajaribu tena. Ile "tik-tik" si mupepo. Ni mashini inayoomba chakula.

Na kule kujiwasha usiku? Televizyo nyingi zinakumbuka hali yao. Kama umeme ulianguka wakati posti ilikuwa inacheza, umeme ukirudi muzuri inajiwasha yenyewe. Mzee alikuwa anachoka, anaenda kulala bila kuchomoa. Karibu saa tano ya usiku, watu wakizima majiko, volti zinapanda, salon inaanza kuongea. Tulingoja mpaka saa ile: multimetri ikasema 215, televizyo ikacheza bila kulia hata mara moja. Ilikuwa nzima kabisa.

Lakini habari haikuishia pale. Mama wa ngʼambo ya avenue alisikia tunaongea volti, akasema: "Kwangu mimi ni kinyume. Mapulu yangu inawaka sana, kisha inapasuka." Kesho yake magaribi tukapima kwake: 262. Kwa mzee, dakika ile ile, 148. Mwenzetu fundi akanyamaza, kisha akasema neno moja: "Neutre."

Tueleze kwa wasiofanya kazi ya umeme. Waya wa barabarani ni nne: tatu za phase, moja ya neutre. Kila nyumba inachukua phase moja na neutre. Neutre ikiwa imeshikana muzuri, kila nyumba inapata karibu 220. Neutre ikilegea ao ikiungua pale inapounganishwa, nyumba zinaanza kuvutana: wenye majiko mengi wanapata kidogo, wenye balbu mbili tatu wanapata kupita kiasi. Ikikatika kabisa, nyumba moja inaweza kupata zaidi ya 300. Hapo frigo, televizyo, sharja za telefoni, vyote vinaungua usiku mumoja. Kwa hiyo mukiona balbu za nyumba moja zinafifia wakati za jirani zinang'aa kupita kawaida, musingoje: muchomoe vyote, muambiane, muite watu wa mutandao. Mutu asipande mwenyewe ku nguzo.

Tulichukua kaye ya mutoto wa shule, tukachora mistari. Nyumba sita, siku saba, mara tatu kwa siku: asubuhi, magaribi, usiku. Wamama njo waliandika, sababu wao njo wako nyumbani saa ile. Tulipopeleka ile kaye ku biro yenye kuhusika, maneno yalikuwa tofauti na siku zote. Mbele, kila mutu alienda peke yake kusema "umeme ni mubaya", anajibiwa "tutaona". Sasa ilikuwa nyumba sita, sinyatiri sita, na hesabu 126. Wafundi walikuja, wakakuta kiungo cha neutre ku nguzo kimeungua nusu. Kazi yenyewe haikumaliza asubuhi moja.

Mzee hakutia sinyatiri ya deni. Televizyo ni ile ile.

Siye watu wa Likasi tuko karibu na mitambo ya Lufira: Mwadingusha ilianza kutoa umeme mwaka wa 1930, Koni mwaka wa 1950, vyote kwa ajili ya shaba. Bazee wetu walikula jasho kwa ile kazi. Lakini mutambo ukiwa mukubwa namna gani, umeme wa mwisho unapita ku nguzo ya avenue yako, na pale pasipo macho ya wakaaji, kiungo kinaungua hakuna anayejua.

Sasa, kama umepima na umeme ni muzuri, televizyo ikiendelea kujizima, basi ugonjwa uko ndani. Mara nyingi ni kondensateri, vile vikopo vidogo vya ku karte ya alimentation. Joto linavikausha. Dalili yake: mwanzo posti inachelewa kidogo kuwaka, baada ya miezi inalia "tik-tik" dakika tano, kumi, kisha siku moja haiwake tena. Kikopo kibovu mara nyingi kimevimba kichwani, ao kimetoa maji ya kahawia. Lakini kingine kinakufa bila kuvimba. Fundi anaweka kingine chenye mikrofarad sawasawa, volti sawa ao zaidi kidogo, na kilichoandikwa 105 °C. Upande wa mustari ni wa kutoa, ukigeuza, kinapasuka. Bei ya vikopo ni ndogo sana kando ya bei ya posti mupya. Fundi akikuambia "imekufa" bila kufungua, tafuta fundi mwingine.

Kama sauti inabaki lakini picha inapotea, washa tochi ya telefoni karibu na kioo. Ukiona picha kwa mbali, ni taa za nyuma zimekufa, si alimentation.

Neno la mwisho ni kwa vijana wetu wanaopenda kufungua vitu. Ndani ya televizyo kuna kondensateri moja kubwa inayobeba volti zaidi ya 300, na inaweza kuzibeba hata baada ya kuchomoa. Kwa posti za zamani zenye mugongo mukubwa, kuna maelfu ya volti ku kioo. Mutu asiyejua kuimaliza na kuipima asiiguse. Tumezika wenzetu wa kutosha kwa ajili ya kazi. Tusizike mutoto kwa ajili ya televizyo.

Kata, funga, pima, njo uguse. Ni sheria ya usine, iwe sheria ya nyumba. Na ukipima, andika. Kaye ya mzee bado iko ku biro yetu. Mwenye avenue yenye balbu za kufifia aje aione namna tulivyochora mistari, multimetri tutamuazima.