Misimu 12 Bila Kufungwa

Futiboli ya Marekani, ile ya kofia ngumu na mpira uliochongoka pande mbili, ina rekodi nyingi za shule za sekondari. Kwangu iliyo kubwa kuliko zote ni ya De La Salle, shule ya Kikatoliki ya wavulana mjini Concord, California: mechi 151 mfululizo, 1992 hadi 2003, zote ushindi. Hata sare hamna.

Waliotangulia na waliofuata wako mbali. Hudson ya Michigan ilishinda 72 kati ya 1968 na 1975. De La Salle wakaipita 1997, wakaendelea. Independence ya Charlotte, North Carolina, ilifikisha 109 kabla ya kusimamishwa 2007.

Sasa fikiria: sekondari ya Marekani ni miaka minne tu. Nyota wa leo kesho kutwa kahitimu. Kwa hiyo mfululizo huu ulipokezanwa na vijana wa mikupuo mitatu mizima, mkubwa akimwachia mdogo. Aliyebaki palepale ni kocha Bob Ladouceur. Alipoichukua timu 1979, haikuwa imewahi kumaliza msimu ushindi ukiwa mwingi kuliko vipigo. Aliiacha akiwa na ushindi 399, vipigo 25, sare 3. Kila wiki mchezaji aliandika ahadi zake kwenye kadi, akamkabidhi mwenzake. Huyo ndiye aliyemdai.

Pambano lililosubiriwa kuliko yote lilikuwa la Oktoba 2001, timu mbili za juu kabisa nchini: De La Salle 29, Long Beach Poly 15. Maurice Jones-Drew, aliyekuja kung'ara kwenye ligi ya kulipwa, aliuvusha mpira mstari wa mwisho mara nne.

Kwa rekodi za mchezaji mmoja mmoja, Derrick Henry wa Yulee, Florida, alimaliza shule 2012 akiwa amekimbia na mpira yadi 12,124, akiivunja rekodi ya Ken Hall wa Texas iliyodumu tangu 1953. Kipigo kikubwa kuliko vyote ni cha Kansas, 1927: Haven 256, Sylvia 0. Ushindi huo sioni raha yake. Watoto wale walistahili kuhurumiwa mapema.

Septemba 4, 2004, mjini Seattle, Bellevue iliifunga De La Salle 39 kwa 20. Kabla ya siku hiyo, hakuna kijana hata mmoja wa kikosi cha De La Salle aliyewahi kupoteza mechi akiwa na jezi ile.