Kuaminika na Kuaminiwa: Mfano wa Metorex huko Mutoshi

Makala haya mafupi yanakusudia kubainisha tofauti ya vitenzi viwili ambavyo aghalabu huchanganywa: kuaminika na kuaminiwa. Mfano tunauchota Mutoshi, jirani na Kolwezi, ambako wachimbaji wadogo huchimba shaba na kobalti, pamoja na soko la madini la Musompo.

Bei ya gunia hutegemea uzito na kiwango cha madini yaliyomo. Kiwango hicho hupimwa kwa kifaa cha mkononi kiitwacho metorex, jina la chapa ya biashara lililogeuka nomino ya jumla. Kifaa hupiga mawe kwa miali ya eksirei. Kila elementi hurudisha nishati yake maalumu, na punde si punde tarakimu hutokea kwenye kioo. Tarakimu hiyo ndiyo chakula cha mchimbaji siku hiyo. Hesabu hufanywa na kifaa chenyewe. Walakini kifaa huona uso wa jiwe tu; unyevu, ukubwa wa chembe na mahali palipolengwa hubadili jibu, na anayelenga ni mnunuzi.

Turejee kwenye sarufi. Kauli ya kutendeka haina nafasi ya mtenda: tukisema “kifaa kinaaminika”, sifa hubaki ndani ya kifaa. Kauli ya kutendwa humpa mtenda nafasi: kinaaminiwa na nani? Hivyo kifaa chaweza kuaminika maabarani, kisiaminiwe sokoni. Ripoti ya Amnesty International na Afrewatch ya mwaka 2016 ilieleza kwamba wachimbaji hawakuwa na njia huru ya kuhakiki uzito wala kiwango. Hata katika mradi wa kurasimisha uchimbaji wa Mutoshi (2018–2020), ushirika wa wachimbaji ulikuwa na mnunuzi mmoja. Na mwenye mnunuzi mmoja ni vigumu kupata kipimo cha pili.

Linganisha na pishi ya pwani, yaani vibaba vinne, iliyojazwa mbele ya macho ya muuzaji na mnunuzi. Kilikuwa chombo duni kuliko metorex, lakini kosa lake lilionekana na wote wawili.

Kwa hiyo, imani katika mashine haitokani na usahihi peke yake, bali na uwezo wa anayepimiwa kuihakiki. Anayeleta mashine mpya asitosheke kuuliza kama inaaminika. Amtafute mtenda.