Mbwa wa Mbalibali na Simba wa Serengeti
Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kuanguka na kutetemeka kwa degedege. Takriban theluthi moja, kama simba 1,000, walikufa. Wanasayansi walibaini kirusi cha distempa, ugonjwa wa mbwa, na macho yakageukia vijiji vinavyoizunguka hifadhi.

Hapo ndipo anapohitajika meneja wa mawasiliano ya sayansi. Amweleze mfugaji wa Mbalibali, kimojawapo cha vijiji hivyo, kwa nini mbwa anayelinda zizi lake achanjwe, bila kumfanya ajione mshitakiwa. Kumsifia simba hakutoshi. Simba huyohuyo hula ng'ombe. Anayeijua kazi hii huanza na kichaa cha mbwa, kinachochanjwa pamoja na distempa, ugonjwa ambao dalili zikishajitokeza, karibu kila mgonjwa hufa. Mzazi gani asiyelielewa hilo?

Siku ya chanjo, mara nyingi watoto ndio huwaleta mbwa, kamba shingoni. Meneja makini huongea nao palepale kwenye foleni, maana wao ndio watakaolifikisha neno nyumbani.

Lengo ni kuchanja mbwa 70 katika kila 100. Kiwango hicho hukata mnyororo wa kichaa. Na ukiumwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha wahi hospitali.